Moto uliolala badala ya kupanda



Fundi mmoja wa majiko pale Buguruni aliniuliza swali wiki mbili zilizopita, nami nikadhani nitalijibu kwa sentensi mbili. Alisema amesikia kwamba wahandisi wa Ulaya na Marekani siku hizi, wakitaka kuijua tabia ya moto, hawaanzi kwa kuuwasha. Huupigia hesabu ndani ya kompyuta. Akataka kujua: je, moto nao una hesabu? Na kama unayo, inamfaa nini mtu anayepepea mkaa kwa kifuniko cha ndoo? Nilicheka, nikamwambia nitamjibu redioni. Nilipofika nyumbani nikaona sina la kumwambia, ikanibidi nisome. Haya ndiyo niliyoyapata.

Tuanze na kibatari. Sisi tuliosoma vijijini tunamfahamu vizuri mwenzetu huyo. Mlango ukifungwa na hewa ikatulia, mwali wake husimama wima, wa manjano, wala haubabaiki. Mtu akiingia na kuacha mlango wazi, mwali huinama, hukatika vipande, hutoa moshi mweusi, na asubuhi ukipenga kamasi unaona masizi. Mafuta ni yale yale na utambi ni ule ule. Kilichobadilika ni mwendo wa hewa tu. Mwanasayansi Mwingereza Michael Faraday alitoa mihadhara sita mjini London, katika sikukuu za mwisho wa mwaka 1860 na mwanzo wa 1861, kuwaeleza vijana habari za mshumaa mmoja. Mihadhara sita, mshumaa mmoja! Na huo ni mwali uliotulia. Mwali unaosukwasukwa ni habari nyingine kabisa.

Aliyetuonyesha mpaka uliopo kati ya utulivu na msukosuko ni Osborne Reynolds, profesa wa uhandisi mjini Manchester. Mwaka 1883 alipitisha maji katika bomba la kioo, akatia rangi katikati kwa uzi mwembamba. Maji yakienda polepole, uzi wa rangi ulinyooka kutoka mwanzo hadi mwisho. Alipoongeza kasi, ukafika mahali uzi ukaanza kutetemeka, ukapasuka, rangi ikajaa bomba zima kwa visulisuli vikubwa na vidogo. Ndivyo ilivyo hewa, na ndivyo ulivyo moto.

Moto karibu wote unaofanya kazi kubwa duniani ni wa msukosuko. Moto ulio ndani ya injini ya daladala, ndani ya tanuri la saruji, ndani ya injini ya ndege inayopita juu ya Kipawa, wote ni moto wa visulisuli. Sababu yake inajulikana na kila anayekunywa chai. Ukitia sukari katika kikombe usikoroge, utaisubiri iyeyuke mpaka chai ipoe. Ukikoroga mara tatu, mambo yamekwisha. Gesi na hewa nazo haziwezi kuungua kabla hazijakutana, na kinachozikutanisha upesi ni kule kukorogwa. Moto uliotulia ni mvivu. Anayetaka nguvu hana budi kuukoroga.

Sasa hesabu. Kanuni za mwendo wa maji na hewa zinajulikana zamani. Mfaransa Navier aliziandika mwaka 1822, na Stokes, aliyekuwa Cambridge, akazikamilisha mwaka 1845. Ukizitazama hazijazi hata ukurasa mmoja wa daftari. Lakini kuziandika ni kitu kimoja, kuzitatua ni kingine. Mwaka 2000 taasisi moja ya hisabati ya Marekani, iitwayo Clay, iliahidi dola milioni moja kwa atakayethibitisha jambo moja la msingi kuhusu milinganyo hiyo: kwamba majibu yake yapo na hayaharibiki njiani. Dola hizo bado zipo pale pale.

Kwa kuwa haitatuliki kwa kalamu, wahandisi huikatakata. Nafasi yenye moto hugawanywa vijisanduku, na kompyuta huulizwa, kwa kila kijisanduku: joto ni kiasi gani, hewa inaelekea wapi, gesi imebaki ngapi? Kisha wakati unasogezwa mbele kidogo, na maswali yanarudiwa. Inaonekana rahisi. Hebu tupige hesabu hiyo pamoja. Chukua boksi lenye sentimita 10 kila upande, dogo kuliko tofali. Mwali wa gesi ya kupikia una unene usiofika milimita moja, kwa hiyo ukitaka kuuona ndani yake ni lazima vijisanduku viwe vya sehemu ya kumi ya milimita. Upande mmoja utapata vijisanduku 1,000. Kwa pande zote tatu ni bilioni moja. Bilioni moja, ndugu zangu, katika boksi lisilotosha hata kilo mbili za unga!

Na bado hatujagusa kemia. Shuleni tulifundishwa kwamba methani ikiungua hutoa maji na hewa ya kaboni, mstari mmoja tu ubaoni, mwalimu akafuta tukaenda kucheza. Kumbe mstari ule ni muhtasari. Watafiti wa Marekani walipoorodhesha kinachotokea kweli kati ya mwanzo na mwisho, walihesabu aina 53 za chembe na mabadiliko 325 yanayozaana moja baada ya jingine, mengine katika muda mfupi kuliko sehemu ya milioni ya sekunde. Sasa zidisha aina hizo 53 kwa vijisanduku bilioni moja, halafu urudie kwa kila hatua ya wakati. Mwaka 2022 Wamarekani walitangaza kompyuta iitwayo Frontier, huko Oak Ridge, iliyoweza kufanya hesabu zaidi ya bilioni mara bilioni kwa sekunde moja. Mhandisi Jacqueline Chen wa maabara ya Sandia, California, na wenzake hutumia mashine za ukubwa wa namna hiyo kupiga hesabu ya miali bila kukisia msukosuko wake. Hata hivyo miali yenyewe ni midogo. Tanuri zima bado haliingii.

Ndiyo maana wahandisi wa kazi za kila siku hukisia, na katika kukisia ndimo ulimo utaalamu wote. Reynolds yule yule, mwaka 1895, alipendekeza tuachane na kila kisulisuli, tuchukue wastani. Ni shauri jema kwa maji ya bomba. Kwa moto lina mtego. Mpishi akikuwekea pilau kwenye moto mkali mno kwa nusu saa, kisha kwenye moto uliozimika kwa nusu saa, atakuapia kwamba kwa wastani moto ulikuwa wa kadiri. Wewe lakini utakula pilau lililoungua chini na mbichi juu. Kemia ya moto hukimbia sana joto likiongezeka kidogo tu, kwa hiyo wastani wa joto haukwambii kasi ya kuungua.

Hapo ndipo akili za watu zilipofanya kazi. Brian Spalding wa chuo cha Imperial, London, mwaka 1971, na Wanorwe Magnussen na Hjertager mwaka 1976, walisema kwa njia tofauti kidogo: kemia ina haraka kuliko ukorogaji, basi pima ukorogaji tu, na uchukulie kwamba kilichochanganyika kimekwisha ungua. Ni ile chai yetu. Mjerumani Norbert Peters wa Aachen akaja na wazo ambalo mimi nalipenda zaidi. Kwa maneno yangu, fikiri kanga iliyotiwa ndani ya beseni la kufulia. Imekunjamana huku na huko, lakini ni kanga ile ile, nyuzi zake unazijua. Moto wenye msukosuko, alisema Peters mwaka 1984, mara nyingi ni mwali mwembamba uliotulia ambao umekunjamana. Pigia hesabu nyuzi mara moja, uziweke kabatini, kisha shughulika na mikunjo. Mawazo ya namna hii ndiyo yaliyowezesha kompyuta ya mezani kufanya kazi ambayo ingeishinda kabisa.

Kabla ya hapo watu walifanyaje? Walilipua. Wamarekani walipokuwa wakitengeneza injini ya F-1 ya roketi iliyompeleka mtu mwezini, moto wa ndani ulikuwa ukiingiwa na mtikisiko unaoirarua injini. Wakawa wanalipua mabomu madogo ndani ya injini inayowaka ili waone kama itatulia tena. Majaribio ya injini nzima yalifika kama 2,000. Walifaulu, lakini ni taifa gani lingine lingeweza kulipia mchezo huo?

Basi, hadi hapa fundi wangu angeweza kusema kwamba haya ni mambo ya matajiri na roketi zao. Ndipo nilipokutana na habari ya King's Cross, nikaacha kusoma mengine.

King's Cross ni stesheni kubwa ya treni za chini ya ardhi mjini London. Jioni ya Novemba 18, 1987, kama saa moja na nusu kwa saa zetu, abiria waliona moto chini ya ngazi ya umeme, zile ngazi zinazokwenda zenyewe kama za uwanja wa ndege. Ngazi ile ilikuwa ya mbao, ya tangu kabla ya Vita Kuu ya Pili, na chini yake palikuwa na grisi iliyoshikamana na vumbi, nywele na karatasi za miaka na miaka. Uchunguzi ulikuja kusema kwamba huenda abiria mmoja alidondosha kijiti cha kiberiti kinachowaka, kikapenya pembeni mwa ngazi. Kuvuta sigara kulikuwa kumekwisha pigwa marufuku, lakini watu walikuwa wakiwasha sigara wakiwa njiani kutoka.

Moto ulikuwa mdogo. Wazimamoto waliouona dakika za mwanzo waliufananisha na ukubwa wa boksi la kadibodi. Hapakuwa na aliyefadhaika. Mioto midogo ya ngazi ilikuwa imetokea pale chini mara mamia katika miaka ya nyuma, wakaizoea, hata wakaipa jina la upole ili isiitwe moto. Abiria waliokuwa chini wakaelekezwa wapande kwa ngazi nyingine, kuelekea ukumbi wa tiketi ulioko juu. Saa mbili kasorobo, kwa ghafla, moto ukatoka mdomoni mwa ngazi ile kama maji yanavyotoka bombani, ukajaza ukumbi mzima. Watu 31 walikufa. Mmoja wao alikuwa Colin Townsley, afisa wa zimamoto aliyekuwa ametangulia kushuka.

Swali lililowasumbua wachunguzi, chini ya mwanasheria Desmond Fennell, lilikuwa moja: boksi la kadibodi liligeukaje kuwa tanuri kwa dakika chache vile? Wapo waliotilia shaka rangi ya darini, iliyopakwa tabaka juu ya tabaka. Kumuuliza aliyekuwa katikati ya moto haikuwezekana, na kuichoma stesheni mara ya pili ni wazimu. Kazi ikapelekwa kwa wanahesabu wa kituo cha utafiti cha Harwell. Wao hawakushughulika na zile chembe 53. Waliichora stesheni ndani ya kompyuta, wakaweka chanzo cha joto pale moto ulipoanzia, wakaiacha hewa iende itakako.

Jibu lililotoka lilionekana kama kosa. Tangu utoto tunajua kwamba moto hupanda juu. Kompyuta ilisema la. Ilisema hewa ya moto haikwenda darini, bali ililala, ikajibana ndani ya ngazi kama maji ndani ya mfereji, ikateleza kupanda juu ikiwa imegusa vidato. Wataalamu wa moto wenye uzoefu wa miaka mingi walilitilia shaka, wakashuku kwamba programu ina dosari. Mimi siwalaumu. Ningekuwa pale ningesema vivyo hivyo.

Lakini kwa bahati njema hawakuishia kubishana. Huko Buxton, wataalamu wa usalama kazini wa serikali ya Uingereza walijenga ngazi ya mbao ya theluthi moja ya ukubwa wa ile ya King's Cross, kwa mteremko ule ule, wakaitia moto. Kwa dakika kadhaa moto uliwaka kama moto mwingine wowote. Kisha, mbele ya macho yao, miali ikainama, ikalala ndani ya mfereji, na mara ukatoka juu mkuki wa moto. Kompyuta ilikuwa imesema kweli.

Sababu yake inaeleweka ukiisikia. Moto huvuta hewa kutoka pande zote. Ngazi ile ilikuwa na kuta za mbao kushoto na kulia, kwa hiyo hewa ya ubavuni ilizuiwa. Kwa kuwa ngazi imeinama nyuzi 30, hewa inayotoka chini ikawa na nguvu kuliko inayotoka juu, ikausukuma mwali ulale juu ya mbao. Mwali uliolala hukausha na kupasha joto mbao zilizo mbele yake kabla haujazifikia. Zikifikiwa, zote hushika kwa pamoja. Hapana aliyejua jambo hilo kabla ya siku ile. Leo lina jina lake katika vitabu vya zimamoto, na ripoti ya Fennell ya mwaka 1988 ilitoa mapendekezo 157. Ngazi za mbao zikaanza kung'olewa, ingawa ya mwisho katika reli ile haikuondolewa hadi mwaka 2014.

Ndugu wasikilizaji, nimeikalia habari hiyo kwa muda kwa sababu inatuhusu. Si lazima tuwe na treni za chini ya ardhi. Sisi tunajenga ghorofa juu ya ghorofa Kariakoo, Upanga na Posta, na kila ghorofa lina ngazi yake, nayo ni bomba la moshi likisubiri siku yake. Soko Kuu la Kariakoo liliungua usiku wa Julai 10, 2021, na kila aliyekuwa mjini anakumbuka jinsi watu walivyosimama wakitazama. Sisemi kompyuta ingeuzuia moto ule. Nasema mtu anayechora jengo la ghorofa kumi anaweza leo kuulizwa: moshi ukianzia stoo ya chini, utafika ngazi ya nne baada ya dakika ngapi? Na anaweza kujibu kwa hesabu badala ya kwa kiapo. Programu iitwayo FDS, iliyotolewa na taasisi ya vipimo ya serikali ya Marekani mwaka 2000, hutolewa bure kwa yeyote. Nyingine, OpenFOAM, ilifunguliwa kwa umma mwaka 2004, nayo haiuzwi. Inatakiwa kompyuta nzuri, muda, na mtu aliyefundishwa.

Mtu aliyefundishwa ndiye mgumu kupatikana, kwa sababu kompyuta ni mtumishi asiyeuliza. Ukiipa vijisanduku vikubwa kuliko mwali, haitakwambia kwamba mwali umepotea; itakuchorea picha ya rangi nzuri isiyo na ukweli. Ukiiambia godoro la sponji linaungua kama gunia la mkonge, itakubali. Ili ujue godoro linaungua vipi, lazima kwanza mtu alichome na kulipima, kama walivyofanya Buxton. Kwa hiyo naomba vyuo vyetu vya uhandisi na Jeshi la Zimamoto wasitafute mashine peke yake. Watafute pia banda, mizani, vipimajoto, na ruhusa ya kuchoma mbao zetu, magodoro yetu na makuti yetu.

Na wakati tunasubiri hayo, yapo mengine yasiyohitaji kompyuta. Kuna jengo moja la ofisi katikati ya mji ambalo hupitia mara kwa mara. Mlango wake wa dharura una mnyororo na kufuli. Nilimuuliza mlinzi ufunguo uko wapi. Akanijibu kwa heshima zote kwamba anao bosi, na bosi amesafiri.

Narudi kwa fundi wangu. Gesi ya Songo Songo, ambayo tangu mwaka 2004 huja hadi Dar es Salaam kuzalisha umeme, karibu yote ni methani ile ile ya ubaoni. Wanaobuni mitambo ya kuichoma wanataka mwali usiwe na joto la kupindukia, maana joto hilo huifanya hewa yenyewe itoe sumu ya mapafu. Lakini mwali ukipozwa mno hutetemeka na kunguruma hata chuma kikapata nyufa. Wanatembea juu ya ukingo mwembamba huo kwa msaada wa hesabu nilizozieleza. Jiko la mkaa nalo lina maswali yake: tundu la hewa liwe kubwa kiasi gani, sufuria ikae umbali gani na mkaa, moshi uungue kabla haujatoka. Si maswali madogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 mwaka 2020.

Nilimpitia juzi nikamweleza yote haya, kanga na pilau pamoja. Alisikiliza huku akikunja bati. Kisha akaniletea majiko matatu aliyoyabuni mwenyewe, kila moja na tundu la ukubwa wake, akasema yeye hujua lipi ni zuri kwa kusikiliza mlio wake likishika moto, na kwamba hao wa chuo wakija na kompyuta yao wamkute, atawawashia yote matatu.